Leseni ya Picha Tu

Ile sauti ilikuwa yangu. Nimeikana miaka mingi, mbele ya wahadhiri wenzangu, mbele ya mchungaji, hata mbele ya mama yangu mzazi, aliyeisikia akipita nje na kuniuliza kwa nini nilikuwa nikipayuka kama makanga wa matatu. Nilimwambia amenifananisha. Mtu mwenye digrii mbili za fasihi hashiki maikrofoni kwenye banda la video Huruma akitafsiri filamu za kareti.

Nilikuwa naishika kila Jumamosi.

Banda lilikuwa la jirani yangu, mama mjane ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka mkoa wa Kati. Baada ya uchaguzi ule uliozua vita vya kikabila lilichomwa, naye akaenda kuishi kwenye hema na watoto. Aliporudi alilijenga upya kwa mabati yaleyale yaliyobabuka, maana hakuwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Vijana wa pande zote mbili wakarudi pia, lakini walikaa mbalimbali, wenyeji kushoto, wa kabila la mama huyo kulia, hakuna salamu. Filamu zilikuwa za Kichina. Siku moja, nyuma ya pazia, nikachukua maikrofoni, nikampa jambazi mkuu sauti ya mheshimiwa anayeomba kura: “Watu wangu, nyinyi piganeni! Mimi nawafuata na gari!”

Kushoto wakacheka. Kulia wakacheka. Baada ya wiki chache mabenchi yalikuwa yamechanganyika, kwa sababu kila mtu alitaka kukaa karibu na spika.

Kisha akaja ofisa wa leseni. Kuonyesha filamu kwa umma kunataka kibali, alisema, na kila filamu iwe imekaguliwa. Sawa. Mama mwenye banda akapeleka filamu zikakaguliwa, akatoboa mlango wa pili wa dharura, akaweka ndoo za mchanga za kuzimia moto. Ofisa akarudi na kosa jipya: filamu zilizokaguliwa hazikuwa na yale maneno.

“Nani huyu anaongeza maneno?”

“Ni kanda tu, bosi,” Mama akasema, akinilinda.

Mimi nilikuwa hapohapo, nimekumbatia kitabu kinene. Nikasema nimepita kuomba chumvi.

Ofisa akafunga banda kwa kufuli, na hasira yangu haijapoa mpaka leo. Banda hilo liliteketea mchana kweupe, na hakuna ofisa aliyekuja kuwauliza wachomaji kibali chao. Waheshimiwa walipanda majukwaani wakatuita magugu na madoadoa ya kuondolewa, na hakuna aliyewakagua hata sentensi moja. Lakini kicheko cha Huruma, hicho kilihitaji mhuri!

Nikampigia ofisa simu, kwa Kiswahili changu cha darasani, kama raia mwema asiyehusika. Akanisikiliza. Kisha akaangua kicheko.

“Watu wangu, nyinyi piganeni!” akasema. “Madam, si ni wewe? Mimi nilikuwa nakuja hapo Jumamosi, bila kujitambulisha. Nilikuwa nakaa karibu na spika.”

“Ni mimi,” nikasema. Hakuna mwingine niliyewahi kumwambia. “Basi mfungulie Mama banda lake.”

“Namfungulia kesho. Leseni nimeshaitia sahihi.” Akakohoa. “Ya picha tu, lakini. Ukishika tena ile maikrofoni, Madam, nitakayemkamata ni Mama.”