Wimbo wa Saba

Sponji alikuwa fundi wa makochi, ila ukimwita fundi alinuna siku nzima. Yeye ni mwanamuziki, bwana! Chumba cha nyuma cha karakana yake alikizungushia magodoro mabovu ukutani ili sauti isitoke nje, na humo watu wanne wakarekodi albamu yao ya kwanza: yeye, shemeji yake mpiga gitaa, mwalimu mmoja mpiga ngoma, na dada muuza dawa aliyeshika kinanda. Zilikuwa nyimbo fupi za kuchangamka, gitaa likiunguruma na sauti zikipandana.

Kundi halikuwa na mkubwa. Kila mmoja aliingia peke yake kwa zamu, akaongeza chake kwenye kompyuta. Sheria ilikuwa moja tu: anayekuja nyuma, asipopenda alichokikuta, anafuta bila kuomba ruhusa. Aliyeitunga ni Sponji, na aliifaidi kweli kweli. Kinanda cha yule dada alikifuta mara tatu. Shemeji yake alipoimba beti za kumlilia binti yake aliyefariki, mtoto wa dada yake Sponji mwenyewe, Sponji akazifuta pia, kisha akaenda zake kula.

"Shemeji, pale ulikuwa unalia, huimbi," alimwambia. "Sheria ni sheria."

Shemeji akalitia gitaa lake mfukoni mwake, akaenda nyumbani.

Sponji naye alikuwa na wimbo mmoja tu wa moyoni, wa saba, aliomtungia mama yake. Mama alikuwa mgonjwa wa kitandani, na macho yalishazimika, kwa hiyo picha ya mwanawe kwenye jalada haikumfaa. "Nisikie sauti yako humo, mwanangu," alisema, "nikajiondokee kwa amani." Sponji akauimba vizuri, akajua kazi imekwisha. Hakujua kwamba shemeji aliomba zamu moja zaidi, eti arekebishe gitaa.

Albamu ilipotoka, Sponji alijaza majirani chumbani kwa mama mchana kweupe. Shemeji alisimama mlangoni. Wimbo wa saba ukaanza, na maneno yalikuwa ya Sponji, neno kwa neno, ila aliyeyaimba mwanzo hadi mwisho ni shemeji. Tena aliyaimba vizuri, na hilo ndilo lililomchoma Sponji maini.

Mama akatabasamu. "Nani huyo, jamani? Ana sauti tamu!"

"Ni mimi, mama," alisema Sponji.

"Mwanangu, mimi ni kipofu, si kiziwi."

Majirani walicheka mpaka wakashikana. Sponji akamgeukia shemeji yake kwa macho mekundu.

"Sheria ni sheria, shemeji," alisema yule bwana kwa upole.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sponji akataka amwimbie mama pale pale, kwa mdomo wake, lakini kilichotoka ni kilio.

"Nyamaza basi," alisema mama. "Unaniharibia wimbo."

Aliishi wiki tatu tu baada ya hapo. Kila asubuhi aliomba awekewe wimbo wa mkwe wake, na Sponji ndiye aliyeuweka.