Meno Mawili ya Ololosokwan

Chini, mbele, sina meno mawili. Baba aliniambia ndiyo alama ya ukoo wetu: babu yake alikuwa Mmaasai wa Ololosokwan, akahamia Endabash na ng'ombe wengi mpaka vumbi lao likaficha jua wiki nzima. Nikiwa mtoto, jirani mfugaji aliyang'oa kwa kisu huku Baba amenishika kichwa. Nililia hadi simba wa kreta wakaamka.

"Nyamaza," Baba akasema. "Mmaasai halii."

Basi nikawa Mmaasai kuliko Wamaasai. Nilipomaliza masomo yangu ya jioni, ya watu wazima, kichwa kimejaa historia hadi kofia hainienei, nikaenda Ololosokwan kumtafuta mzee wa ukoo ule. Akatazama pengo langu, akanitemea mate ya baraka, akaniita mwanangu. Tangu hapo, wakichinja, napigiwa simu. Nikawa na kwetu kuwili.

Ila wenzangu wa loji ya watalii pale Karatu, nilikoajiriwa kama Mmaasai wa kuwasimulia wageni, walinicheka: "Wewe Mmaasai wa kung'olewa kama kizibo!" Nikaamua kuwaziba midomo. Nikaanza parokiani. Kitabu cha ubatizo kilimtaja baba wa babu yangu kwa jina la Kiiraqw tupu, la wenyeji wa Endabash. Nikasema padre wa zamani alijiandikia tu. Mgeni mmoja aliyenogewa na hadithi yangu akatupangusa ndani ya mashavu kwa pamba, mimi na mzee wa Ololosokwan, akapeleka kupima DNA kwao.

Majibu yakaja kwenye simu: upande wa baba, hatuna undugu wowote.

Nilimkuta Baba akipukuchua mahindi.

"Baba, yule Mmaasai alikuwepo kweli?"

"Alikuwepo. Ng'ombe walikuwa wake. Babu yangu alimchungia tu."

"Na meno yangu je?"

Akacheka! "Si ndiyo yaliyokupa kazi loji? Nilitaka uheshimike, mwanangu. Mchunga ng'ombe wa watu nani anamwangalia?"

Nikampigia mzee. "Mzee, shikamoo. Damu yetu si moja."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Baba yako alinipigia kabla hujafika mara ya kwanza. Akaniomba nisikuaibishe."

"Sasa pamba ile ulikubali ya nini?"

"Ningekataa, si ungejua?"

Juzi wamechinja. Simu imeita mpaka ikachoka, sikupokea. Lojini bado nawachekesha wageni, na kila nikicheka ulimi unaingia pale kwenye pengo, unatafuta.