Mama Mdogo Uwanjani

Kila ninapowasha jiko la mafuta ya taa, harufu yake hunirudisha uwanja wa ndege, kabla ya majengo yake ya sasa ya vioo, wakati ng'ombe walipofukuzwa kwa king'ora ndipo ndege itue.

Tulimsindikiza mama mdogo, aliyekuwa akienda Arabuni kufanya kazi za ndani. Viganja vyake vilikuwa na hina mpya.

"Pasi yako iko wapi?" bibi alimuuliza.

"Anayo yeye." Alimwonesha kwa kidevu mwanamme aliyemtafutia kazi.

"Mwambie akupe, mwanangu."

"Nshamwambia, mama. Kasema mpaka tufike."

Sisi tukabaki nyuma ya seng'enge, wasafiri wakaifuata ndege kwa miguu. Katikati ya njia mama mdogo akageuka, akaanza kurudi kwetu. Yule mwanamme akamshika kiwiko, akamnong'oneza kitu, akamgeuza taratibu.

"Mwite!" bibi akaniambia, sauti imemkauka. "Mimi siwezi, mwite wewe!"

Nikaita kwa nguvu zangu zote, lakini mapanga ya ndege yalikuwa yameshaanza kuvuma. Mama mdogo akapanda ngazi, mlango ukafungwa. Hatukumwona tena.