Bwana Gramu na Mwendo wa Santuri

Wauzaji wa soko kuu walimwita Bwana Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mkaguzi wa mizani. Akiingia sokoni na begi lake la mawe ya kupimia, chupa ya rangi nyekundu na brashi nyembamba, kabla hajafika meza ya tatu, meza ya kumi imeshapata habari. Sumaku iliyofichwa chini ya sinia aliiona. Springi iliyokunjwa aliisikia. Mizani iliyo sawa aliitia nukta nyekundu ubavuni, na nukta hiyo ikishawekwa, mjadala umekwisha.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hana starehe. Alikuwa nayo moja, nayo ni jazi.

Santuri yake ya kwanza aliipata kazini. Muuza sukari mmoja alikuwa na mizani isiyo na doa, lakini pipa la sukari amelifunika kwa santuri ili nzi wasiingie. Bwana Gramu akaifuta kwa leso, akasoma karatasi ya katikati, akasahau kilichompeleka pale. Kesho yake akampelekea yule mtu mfuniko wa sufuria, mzuri kuliko yote iliyokuwa jikoni kwake, wakabadilishana. Mkewe alinuna siku tatu. Siku ya nne, Jumapili, santuri ikawekwa kwenye mashine ya kuazima, saksafoni ikaanza kubembeleza, na mama wa watu akajikuta ameshainuka kitini. Wakacheza upande wa kwanza wote. Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa kumi jioni, pazia likishafungwa ili majirani wasipate la kusema, walicheza santuri ile ile ya pipa la sukari.

Miaka ikapita, santuri zikafika mia nne na kumi na mbili. Alizipanga rafuni kwa utaratibu alioujua yeye peke yake: piano juu, tarumbeta katikati, saksafoni chini, kwa sababu, alisema, saksafoni ni nzito. Aliwahi kuapa kwamba jazi ilikufa kabla hajaoa. Kisha binti yao, muuguzi, akamletea albamu mpya ya mabinti wanne. Mzee aliisikiliza amekunja uso kama mtu anayeonja dawa. Ilipokwisha akaigeuza upande wa pili. Ilipokwisha tena akauliza kama hao watoto wana nyingine.

Mjini palikuwa na chama cha wasikilizaji wa jazi, watu watano tu, na mwenyekiti wao alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mama mmoja mrefu, mpole, asiyesamehe noti iliyokosewa. Kuingia chamani hakukuwa kujaza fomu. Unawaalika kwako Jumamosi, unawapigia santuri zako, wanasikiliza, wanaamua. Bwana Gramu alikuwa ameingoja nafasi hiyo mwaka na nusu, na siku ilipofika alipiga pasi hata soksi.

Wageni walikunywa chai, wakasifu rafu, wakashika majalada kwa ncha za vidole kama inavyotakiwa. Akawapigia santuri ya pipa la sukari. Haikufika hata katikati, mwalimu akainamisha kichwa upande mmoja.

"Bwana mkubwa," alisema, "santuri zako ni hazina. Ila mashine yako inaburuta miguu."

"Mashine yangu?"

"Huyu wa saksafoni namsikiliza tangu nina nywele nyeusi. Sijawahi kumsikia ana usingizi namna hii."

"Mwalimu, mimi ndiye mtu wa vipimo katika mji huu!"

"Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii jirani yako. Itengeneze, mwezi ujao tutarudi. Ikiwa sawa, kiti chako kipo."

Wakaaga kwa heshima, lakini kicheko chao alikisikia mpaka getini.

Alibandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani ya mashine, akashika saa, akahesabu mizunguko. Ilipaswa kuwa thelathini na mitatu na ushei kwa dakika. Akapata thelathini na mmoja. Akahesabu tena, thelathini na mmoja. Aliwahi kumfungia mtu meza kwa upungufu mdogo kuliko huo.

Akaivua sahani. Kando ya mota palikuwa na tundu, na ndani ya tundu skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo. Mdomo wa tundu ulikuwa na mikwaruzo, mingine ya zamani, mingine inang'aa bado. Bwana Gramu alivaa miwani. Hii haikuwa kazi ya bisibisi. Ilikuwa kazi ya kisu, tena kisu chenye ncha iliyopinda, na kisu cha ncha iliyopinda katika nyumba ile kilikuwa kimoja, cha jikoni. Mganga hajigangi: mtu aliyemaliza maisha yake akiwasaka wachezea mizani alikuwa amechezewa sebuleni kwake.

Mkewe alikuwa jikoni akiosha vikombe.

"Mama watoto, hiki kisu kimekuwa kikifanya kazi gani?"

Mama akakitazama kisu, akamtazama mumewe, akafunga bomba.

"Umechelewa kukagua," alisema. "Miaka kumi na mmoja."

"Miaka kumi na mmoja!"

"Tangu goti lianze. Yule fundi aliyekuja kubadilisha mkanda wa mashine alinionyesha skrubu, wewe ukiwa kazini. Basi kila mwisho wa mwaka, nikipangusa vumbi, nairudisha nyuma unywele mmoja. Hukusikia, kwa sababu sikuwahi kukupa cha kusikia. Haba na haba hujaza kibaba, mzee. Si wewe mtu wa vipimo?"

"Kwa nini hukuniambia goti linauma?"

"Ningekwambia, ungenikalisha kitini uniletee mto. Nakujua. Na mimi Jumapili yangu siitaki ya mto." Akajifuta mikono. "Sasa itengeneze. Chama umekingoja sana. Mimi nitakaa, nitakuangalia ukicheza."

Bwana Gramu alitafuta hasira, akaikosa. Alichokipata ni aibu, na juu ya aibu furaha kubwa: kumbe kwa miaka kumi na mmoja kuna mtu alikuwa akiiba mwendo kidogo kidogo ili asiache kucheza naye. Lakini alimwona pia kwa macho ya mawazo amekaa pembeni, mikono mapajani, akipiga makofi kama mgeni kwenye harusi ya watu. Hilo hakulitaka, hata kwa viti vitano vya chama.

Kesho yake alifungua begi la kazi lililokuwa juu ya kabati tangu astaafu. Akaigeuza skrubu taratibu, akihesabu, mpaka ikafika thelathini na mitatu na ushei, akatia nukta nyeupe mdomoni mwa tundu, kwa rangi iliyobaki ya milango. Kisha akairudisha pale pale mkewe alipokuwa ameifikisha, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akatia nukta ya pili.

"Nyeupe ni ya wageni," alimwambia. "Nyekundu ndiyo iliyokaguliwa."

Mwezi uliofuata wanachama walirudi. Saksafoni iliruka kama kijana, mwalimu akapiga goti lake kwa kiganja, na kabla upande wa kwanza haujaisha Bwana Gramu akawa mwanachama wa sita. Aliwasindikiza mpaka barabarani akitabasamu peke yake.

Jumapili saa kumi jioni alifunga pazia, akashika bisibisi, akairudisha skrubu kutoka nukta nyeupe kuelekea nyekundu. Akaweka santuri, akampa mkewe mkono. Hawakuwa wamepiga hatua kumi, mama akasimama akasikiliza.

"Baba watoto, umezidisha. Hapa ni chini ya nyekundu."

"Unywele mmoja tu."

"Mwaka haujaisha bado, na goti langu halijalalamika."

"Goti lako lina nukta yake," alisema Bwana Gramu, akijishika kiuno kwa mara ya kwanza mbele yake. "Huo uliozidi ni wangu. Mwaka wa sita huu kiuno kinaniuma, nilikuwa naona haya kukwambia."

Mama alicheka mpaka akamwegemea begani, na santuri ilipokwisha walikuwa bado wamesimama hivyo hivyo, kwa hiyo wakairudia.