Ndama Hakamuliwi

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo nikifumba macho tu hunirudia na vumbi lake. Vumbi la Mpwapwa jioni ni jepesi, rangi yake asali, na ukilitazama sana unasahau ulichokuwa unakihofia. Mimi nilikuwa na la kuhofia. Nilikaa kwenye jiwe nje ya nyumba ya mzee Yoeli, baba yake Tabita, na huko ndani mshenga wetu, mjomba Danieli, alikuwa ananiposea.

Nilikuwa injinia wa ujenzi wa juzijuzi. Sekondari niliisoma kwa masomo ya jioni, nikisinzia mpaka dawati langu likajua kukoroma, na chuo nikakifikia nikiwa na ndevu za kutosha kufuma mkeka. Kumbe mshahara wa kuanzia haujali ndevu.

Kwa desturi yetu mposaji hasemi, husemewa. Na mjomba alijaliwa ulimi. Dirishani nilimsikia akiwaambia wakwe kwamba injinia hafuati mshahara, mshahara ndio humfuata, tena kwa foleni. Kila aliponisifu, wazee wa upande wa pili waliongeza ng'ombe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mposaji akisifiwa mno, mahari hupanda mlima.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wanarudi kutoka malishoni, wamefunikwa na lile vumbi la asali, wanapita polepole kana kwamba wanatembea ndani ya usingizi wangu. Nilimwona kila mmoja amebeba mgongoni mwezi ambao bado sijaufanyia kazi. Hapo ndipo nilipoamua. Mjini kulikuwa na mfanyabiashara aliyenitaka nikae stoo nisimamie saruji yake, kwa mshahara mnono mara mbili ya ule wa saiti nilikokuwa najenga. Nikajisemea, kesho naaga saiti, namchukua Tabita.

Mara mzee Yoeli akatoka nje, jambo ambalo baba mkwe hafanyi. Nikainuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mjomba wako amenijengea ghorofa sebuleni, sina pa kupita. Hebu niambie wewe. Unalipwaje?"

Nikasema kweli. Kwamba mshahara wangu unalipa chumba mtaa wa Miyuji mjini, unga na nauli ya saiti, na katikati ya mwezi unaniaga kwa adabu. Mzee alicheka mpaka mbuzi wakahama zizi. Nikamweleza na habari ya stoo, nikidhani atafurahi. Hapo kicheko kikakauka.

Akanionyesha ndama jike aliyekuwa anamfuata mama yake. "Yule nimkamue?"

"Hana kitu, baba."

"Basi nimchinje?"

Nikatikisa kichwa.

"Yule namtazama miguu, na namtazama anatembea na nani. Wewe huko kazini unatembea na nani?"

Nikamtajia mama Rehema, injinia wangu mkuu, anayenipeleka kwenye makalavati, yale madaraja madogo ya barabarani, jua la utosi, ananirudishia mchoro mpaka karatasi inalia, kisha anatia sahihi kwamba hili sasa nalijua. Bila sahihi za mtu kama yule, kijana hasajiliwi kuwa injinia kamili, na asiposajiliwa hubaki na mshahara wa kuanzia hata akiota mvi. Stoo haina sahihi za namna hiyo.

Mzee akahesabu ng'ombe mpaka wa mwisho akaingia zizini. "Ukimwacha mama huyo kwa ajili ya ng'ombe wangu," akasema, "siku moja utamwambia binti yangu kwamba ng'ombe wa baba yake walikula kazi yako. Sitaki ng'ombe wa hivyo."

Akarudi ndani. Sijui aliwaambia nini wenzake, ila mjomba alitoka amenywea kama puto la juzi. Mahari ilipunguzwa, ikagawanywa: wachache tulete sasa, waliobaki tuwalete ndama atakapozaa. Sote tulijua ndama ni nani.

Ng'ombe wa mwisho nilimpeleka mwenyewe baada ya kusajiliwa, Tabita akitembea pembeni akinicheka viatu. Mshahara wakati huo ulikuwa umeota pembe.

Leo unaniambia, mwanangu, kwamba mainjinia wenzako wanaojenga mji wa serikali kule Mtumba wanapokea kidogo, na wewe umeitwa kazini sehemu mbili hujui ushike ipi. Uliza watakulipa nini, si aibu, na upate jibu kwenye mkataba. Lakini uliza pia nani atakufundisha, na kama ana haki ya kukutilia sahihi. Penye mwalimu, kubali kidogo cha mwanzo, maana haba na haba hujaza kibaba. Ila akikwambia ufanye kazi bure mpaka ukomae, ondoka. Ndama hakamuliwi, na wala hanyimwi maji. Na kikao cha posa kikifika, mshenga wako apewe chai mapema na maneno machache.

Nenda. Mungu akupe miguu ya yule ndama wa mzee Yoeli, akukutanishe na mama Rehema wako, na daraja lako la kwanza lipitishe mvua zote za bara letu kavu bila kulalamika. Amina.