Siku Mbili za Mwenzangu

Nilimwonea wivu mke mwenzangu hata kwa ugonjwa wake. Nasema wazi, maana niliuficha wivu huo miaka na haukunifaa kitu.

Mimi ndiye mke mkubwa, nakaa Mjini, mtaa wa Malindi. Yeye yuko shamba, Makunduchi. Mume wetu alitugawia siku mbili mbili, na zamu hizo alizichunga kama sala. Kisha mwenzangu akakutwa na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku na kutakiwa apimwe damu kila baada ya miezi mitatu. Miaka minne mwanamke yule alilima, alipika, alicheza ngoma harusini. Ati mgonjwa! Mimi na magoti yangu mabovu siulizwi hali. Yeye akipiga chafya tu, mume ananywea.

Mwaka jana nikasikia anachoka, anatota jasho akilala, na chakula hakimpiti. Nikaenda kumtazama. Amekonda mikono, tumbo limetangulia mbele. Roho iliniuma. Mimi nimezaa mmoja nikaishia hapo, huyu anabeba wa nne!

"Hongera," nikamwambia kwa shingo upande. "Ya miezi mingapi?"

Akanitazama, akacheka hasa. Akanishika mkono akauweka ubavuni kwake kushoto, chini ya mbavu. Palikuwa pagumu kama ubao.

"Bandama hilo, dada. Limevimba. Nshaambiwa damu imebadilika, vidonge vya mwanzo havifui dafu tena. Wamenipa vyengine. Zamani daktari akinambia ntazeeka na maradhi haya. Siku hizi hanambii."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaendelea, kama anayenipa bakuli la mboga:

"Siku zangu zichukue wewe. Mie sina nguvu za kuweka mume. Nshamwambia, karidhi."

Ilinipasa nikatae. Nikasema ahsante.

Sasa mume yuko kwangu siku zote, jambo nililoliomba miaka mingi. Huenda kumjulia hali mchana, jioni akarudi. Juzi hakwenda; usiku nilimpikia pweza wa nazi. Akamega tonge, akalishika tu mkononi.

"Umezungumza na mwenzio leo? Kala?"

"Kala," nikamjibu. "Kala na kashiba."

Nilikuwa nimetoka kuzungumza naye kwenye simu. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Lakini ningesema hivyo, mume angenyanyuka akaenda.