Neno Lisilosemwa Mbele ya Mkwe

Mume wangu ndiye aliyekuwa dresa, mfunga vidonda na mtoa dawa wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sepuka. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa balaa. Kwetu mama hamtajii mume wa bintiye habari za mkojo, abadani. Basi mama akifika zahanati alijifunika kanga mpaka machoni, akasema, "Mkwe, mgongo." Mkwe naye, kwa heshima, hakuuliza zaidi, akampa aspirini. Msimu mzima wa palizi, aspirini!

Tukivuna mtama, mama akachepuka nyuma ya mabua. Nilipopita pale nikakuta mchanga mwekundu. Nikambana palepale.

"Mama, hii damu yako?"

"Hebu niache. Kichocho tu. Ninacho tangu utoto, tulivyokuwa tunaoga bwawani."

"Mkweo anajua?"

"We mtoto una wazimu? Nimwambie mkwe nakojoa damu?"

Nilimkokota hadi zahanati, nikalisema neno lile mbele ya benchi zima la wagonjwa. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Mume wangu aliinamisha kichwa, kisha akaandika mama aende hospitali kubwa.

Tukashuka Manyoni kwa basi, tukapanda treni hadi Dar es Salaam. Daktari alimchungulia kibofu kwa bomba jembamba lenye taa, akakata kinyama kikapimwe. Tukangoja wee. Majibu yakaja: saratani ya kibofu, tena ya aina isiyo ya kawaida, inayoota pale kichocho kilipokaa miaka mingi. Kibofu kitolewe chote, mkojo uelekezwe kwenye utumbo, utoke kwa njia ya haja kubwa.

Mama akauliza, "Nitalima?"

"Ukipona, utalima."

"Basi kateni."

Wakamkata. Alikonda, akashikwa na homa, kidonda kikagoma kufunga. Kila asubuhi nilimwinua atembee, naye akanitukana. Siku aliyonitukana kwa sauti nilijua atapona, nikalia kwa furaha.

Tuliporudi, mume wangu alitupokea kwenye basi. "Shikamoo, mama," akasema, akitazama pembeni kama desturi.

Mama akaiondoa kanga usoni. "Marahaba. Nitazame, mkwe. Siku hizi nakojolea nyuma, na damu hakuna. Umesikia?"

Abiria wote wakatoa vichwa madirishani.

"Nimesikia, mama," akasema mume wangu, akimtazama, machozi yakimtiririka.